Somo Lisilongoja Jibu

Tangu asubuhi mkufunzi kijana alikuwa hakaliki. Aliketi, akasimama, akafungua dirisha la ofisi ya chuo, akalifunga tena. Fomu ya ruzuku ilikuwa wazi kwenye kompyuta, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa kumi alasiri hiyo hiyo. Wafadhili walitaka ubunifu katika elimu ya theolojia ya Kianglikana, naye alikuwa nao: masomo yaliyorekodiwa na kutumwa kwa simu, ili makatekista wasioweza kuacha nyumba zao na kukaa bwenini miaka mitatu, wasome huko huko waliko. Baraza la chuo lilishasema: bila ruzuku, mpango ufe.

Kisanduku kimoja tu kilibaki kitupu: wanafunzi waliojaribu mpango huu wamesema nini?

"Andika wameridhika," alisema Mkuu wa chuo, kasisi mwenye mvi na maneno machache. "Si uliwatumia somo la kwanza watu kumi na wawili? Nani amelalamika?"

"Hakuna aliyejibu, Mkuu."

"Basi wameridhika. Mimi watu wakichukia mahubiri yangu, nasikia kabla sijavua kanzu."

Mkufunzi aliandika *wameridhika*, akafuta, akaandika tena. Roho haikutulia. Mwishowe alimpigia simu Mama Kengele, katekista aliyeitwa hivyo kwa sababu kwenye kanisa la mtaa wake ndiye aliyeongoza ibada, akafagia na kupiga kengele, miaka kumi na minne bila kukanyaga chuo chochote.

"Shikamoo, Mama. Lile somo ulilisikiliza?"

"Marahaba, mwalimu. Nililisikiliza kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka pale ulipotusalimu."

Salamu ndiyo ilikuwa sentensi ya kwanza. "Kwani simu iliharibika?"

"Simu nzima kabisa. Mwenye haraka ni wewe. Tulikaa wanne kibarazani kwangu. Ukasema, 'Bwana akae nanyi.' Tukavuta pumzi tujibu, kumbe mwenzetu umeshafika kwa nabii Amosi! Tukakurudisha nyuma. Ukatukimbia tena. Mara ya tatu tukakuzima."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungeanzia wapi? Msomi katutumia somo, sisi tumwambie hajui kusalimu?" Alicheka, kisha sauti ikalainika. "Usikasirike, mwanangu. Tulitaka sana kusoma."

Mkufunzi aliaga, akakata simu. Alikuwa amelirekodi somo lile chumbani, mlango umefungwa, akijisifu kwamba hakupoteza hata sekunde. Maisha yake yote kanisani hakuwahi kusikia salamu ile ikiachwa bila kuitikiwa.

Saa nane ilikuwa imepita. Alichukua simu, akaenda kwenye darasa tupu.

"Usiniambie unabadilisha!" Mkuu alimfuata nyuma.

"Nabadilisha, Mkuu. Nikiandika wameridhika, tutalipwa ili tuwakimbie watu."

Akarekodi upya. Baada ya salamu alinyamaza. Baada ya kila swali alinyamaza kwa muda mrefu zaidi, akiwawazia wale wanne kibarazani, kila mmoja na la kwake la kusema. Kisha kwenye kisanduku akaandika: *Walituzima, kwa sababu hatukuwaachia nafasi ya kujibu. Tumeanza upya, somo jipya tumeambatisha.*

"Umetuchimbia kaburi," alisema Mkuu aliposoma. "Haya, hilo somo lenyewe nilisikie."

"Bwana akae nanyi," ilisema simu juu ya meza. Kimya kikatanda. Mkuu alimtazama mkufunzi, akaitazama simu, akakuna kidevu. Kimya hakikuondoka.

"Akae nawe pia," alinung'unika, kisha akaona haya. "Unanitazama nini? Tuma!"

Mkufunzi alilituma kwanza kwa Mama Kengele, halafu kwa wafadhili pamoja na fomu. Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye kioo cha kompyuta. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika mbili. Mkuu alimsogezea kiti, lakini yeye alikwenda dirishani, akarudi, akaiangalia simu kama Mama Kengele amejibu, akaenda tena.