Namba Hamsini

"Nani amekalia namba yangu?"

Ustadhi Wagdi alisimama mlangoni mwa maabara, jasho likimtiririka kutoka kwenye upara, na wasichana wote wakageuka kunitazama mimi. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kabati la swichi ya mtandao, kebo ya bluu imenizunguka shingoni kama mtandio. Sikusimama.

Miaka kumi na mmoja imepita. Bado sijaona sababu ya kusimama.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kuchagua vitivo. Kila aliyemaliza sekondari alitakiwa kutuma machaguo yake mtandaoni kabla ya saa moja jioni. Asiyewahi angepangiwa makombo. Wenye kompyuta nyumbani walituma huku wakinywa chai. Wasichana wa vijijini walikuja kwetu chuoni Minya kwa treni ya alfajiri, mikate ya jua, iliyoumuliwa juani, ikiwa kwenye mifuko, mama zao wakiwasubiri getini.

Wakakuta seva imekufa. Ndiyo iliyokuwa ikigawa anwani, yaani namba ya kila kompyuta mtandaoni, na kompyuta isiyo na anwani haitumi wala haipokei kitu.

Nilimpigia simu Ustadhi Wagdi, mkuu wa kitengo chetu cha kompyuta. Alikuwa bado kitandani.

"Funga maabara, Nesma. Fundi wa Kairo atakuja Jumapili."

"Na hawa?"

"Waende kwa wajomba zao."

Demyana, wa kwanza kwenye foleni, aliisikia sauti ile. "Dada, mjomba wangu ana nyati wa maziwa tu," alisema. "Na nyati hana intaneti."

Alitaka famasia. Alama zake zilivuka kiwango kwa nusu alama tu.

Nikaitazama swichi. Kwa wenzangu wa kitengo lilikuwa sanduku la kuunganishia waya. Mimi nilikuwa nimesoma kitabu chake chote, miezi ile walipokuwa wakinituma chai, na nilijua kwamba ina akili ya kutosha kugawa anwani yenyewe. Nikachomeka kompyuta yangu, nikaandika amri moja baada ya nyingine: mtandao ni huu, lango la kutokea intaneti ni hili. Nikatenga namba za lango na printa, kama zilivyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kabatini, nikaiamuru igawe zilizobaki.

Taa za kijani zikaanza kupepesa. Demyana akapiga kigelegele hadi kina mama wakaitikia getini.

Jambo moja sikulijua. Ustadhi Wagdi alikuwa amejipa namba hamsini kwa mkono wake, bila kuiandika popote, kama wakubwa wanavyojitafutia namba nzuri za gari. Kompyuta yake ilikuwa imezimwa, kwa hiyo swichi ikaiona namba iko wazi. Alipofika saa nane na kuiwasha, ikamwambia anwani ile ina mwenyewe.

Nikasoma orodha. Hamsini alikuwa nayo Demyana, katikati ya machaguo yake.

"Mwondoe," Ustadhi Wagdi aliniambia.

"Akimaliza."

"Mimi ni mkuu wa kitengo!"

"Ungeiandika kwenye karatasi, ustadhi."

Akanyoosha mkono kabatini kuuchomoa waya wa Demyana. Nikaweka kiganja changu juu ya waya.

"Chomoa," nikasema. "Halafu nifuate getini, ukawaeleze mama zao mwenyewe."

Akachungulia dirishani. Mama walikuwa wengi, wamevaa nyeusi, na hawakuwa na haraka. Mkono ukarudi mfukoni.

"Ustadhi," Demyana akasema bila kugeuka, "mbona namba ziko nyingi tu? Omba na wewe upewe." Maabara nzima ikaangua kicheko.

Saa nane na nusu Demyana akabonyeza kutuma.

Jumapili fundi wa Kairo aliikagua swichi, akauliza nani ameipanga. Akaiacha ilivyo. Mimi nilihamishiwa stoo ya vitabu, bila barua wala maelezo. Kabla ya kuondoka nikaongeza mstari kwenye ile karatasi, kwa wino usiofutika: hamsini, Demyana.

Mwaka jana nilipita pale. Kabati limepakwa rangi mpya. Aliyelipaka alipitisha brashi kando ya karatasi ile, akaiacha hapo hapo.