Kwanza Pumzi

Alikufa tena, na safari hii alikufa akiuona uso wa maji. Mwanga ulikuwa pale pale juu, umetandazwa kama shuka jeupe, na mpiga mbizi wake akapapasa, akapapasa, kisha mikono ikalegea na kioo cha televisheni kikawa cheusi.

"Mama, umechelewa kupanda," binti yake alisema kutoka mezani, ambako alikuwa akipiga pasi koti lake la kazini.

"Sikuchelewa. Mimi nilipanda zamani. Kidole ndicho kilichobaki chini."

Binti akacheka, kisha akakitazama hicho kidole. Kilikuwa bado juu ya kitufe cha padi ya gemu, kimejikunja, kama mtu aliyepewa amri na bado anapima kama inamhusu.

Mtaani walimwita Sindano. Jina hilo alipewa na wateja wake, na si kwa wembamba, maana mwili alikuwa nao wa kutosha. Alikuwa msusi. Akigawa nywele, njia ilinyooka kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni kama uzi uliovutwa na sindano, na akisuka, alisuka mstari mwembamba usiouma. Watu walikuwa radhi kumsubiri yeye hata kama viti vingine vya saluni vilikuwa vitupu.

Asubuhi moja, akiwa amefika katikati ya kichwa cha mwalimu wa chekechea, chanuo lilimdondoka. Akaliokota. Likadondoka tena. Alipotaka kuomba radhi, ulimi ukatoa maneno asiyoyajua. Hospitali walisema ni kiharusi. Ulimi ulirudi mapema, tena, kwa maelezo ya mumewe, ulirudi umenolewa. Mguu ukafuata, ukiburuta kidogo. Lakini mkono wa kulia ulibaki kama mgeni ndani ya nyumba: unamlisha, unamvisha, ila huwezi kumtuma.

Mtaalamu wa viungo alimpa sponji ya kubana. Akaibana wiki kadhaa, halafu siku moja akaitupa kwenye karai la vyombo.

"Hii kitu haina adui," alimwambia binti yake. "Naibana, inabanika. Nikiiacha, haijali. Nitaibana mpaka lini?"

Hapo ndipo binti alipomletea gemu lake. Alifanya kazi duka la dawa la mtaa wa pili, na gemu ndiyo starehe yake ya jioni. Lilikuwa la mtu aliyeanguka na chombo chake katika bahari isiyo na nchi kavu. Mgongoni ana mtungi mdogo wa hewa. Kila akizama, namba kwenye pembe ya kioo inapungua. Inabidi atafute chakula, madini na vyuma, ajenge vifaa, aishi. Kidole gumba cha kushoto kinaogelea. Kidole cha shahada cha kulia kinashika, kinavuta, kinafungua. Sindano alipoelezwa hivyo aliitazama padi kwa muda, akaona ni kidole kile kile kinachoshikilia shungi la nywele wakati vingine vikipita juu na chini.

"Nionyeshe," akasema.

Siku ile aliyokufa akiuona uso wa maji, wifi yake alikuja mchana. Saluni ilikuwa yao wawili. Waliifungua pamoja tangu wote wakiwa wasichana, kabla hata Sindano hajaolewa na kaka yake. Wifi aliketi ukingoni mwa kochi na mkoba wake mapajani, jinsi watu wanavyokaa wanapokuwa na neno ambalo hawalipendi.

"Wifi, kuna binti amekuja kuomba kiti," akasema. "Anasuka vizuri. Si kama wewe, lakini vizuri."

"Kiti gani?"

"Wifi."

"Nauliza tu. Viti viko vinne."

"Unajua ni kipi." Wifi akashusha pumzi. "Sikufukuzi. Nani anaweza kukufukuza? Nimefikiria, uje ukae mlangoni. Wateja wanakupenda. Utawakaribisha, utapiga nao soga, siku itaisha."

"Kinachokaa mlangoni ni zulia," Sindano akasema.

Wifi aliangalia sakafu. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, na Sindano aliyaona, akajuta, lakini neno lilishatoka na maji yakimwagika hayazoleki.

"Nimemwambia nitamjibu Jumamosi," wifi akasema, akainuka. Mlangoni aligeuka, akaitazama televisheni, ambako mpiga mbizi mpya alikuwa akielea akisubiri aambiwe la kufanya. "Na hayo magemu, wifi, watu watatucheka."

Alipoondoka, Sindano aliichukua padi. Hakuogelea. Alikaa akiyatazama yale maji ya buluu, akifikiri.

Binti alikuwa amemfundisha njia inayofuatwa na wote. Kwanza okota madini ya karibu. Jenga kisu. Jenga taa. Rudi tena, kusanya vyuma, jenga meza ya ufundi, na mwisho kabisa, ukishakuwa navyo vyote, unda mtungi mkubwa wa hewa. Njia nzuri, lakini kila hatua ilidai mkono mwepesi. Mwepesi anazama, anakwanyua, anapanda. Yeye kila alipokwanyua alikuta hewa imekwisha.

Jioni, binti aliporudi, alimkuta mama yake bado amekaa hapo hapo.

"Hii njia imepangwa na watu wenye mikono yao," Sindano akasema. "Mtu mwepesi anaweza kuchelewa kupata pumzi. Mimi mzito. Mimi natakiwa nianze na pumzi, hayo mengine yatafuata."

"Mtungi mkubwa huwezi kuuunda mwanzoni, mama. Huna vifaa."

"Sisemi niuunde. Juzi nilipokufa kule kwenye msitu wa mwani, niliona mabaki ya meli. Nikachungulia dirishani: ndani kuna taa inawaka na kuzima. Ukutani kuna mtungi umening'inia. Mwekundu. Mkubwa kuliko wangu."

Binti akaketi. "Kweli upo. Lakini ule uko nyuma ya mlango wa chuma, mama. Watu wanaufuata baadaye kabisa. Ukiwa na mtungi huo mdogo, hewa inakuishia njiani."

"Inaniishia njiani nikienda kwa mkupuo mmoja. Nani amesema niende kwa mkupuo mmoja? Wewe umewahi kuniona nikisuka kichwa kabla sijakigawa?"

Akaigawa bahari. Siku zilizofuata, mumewe, fundi bomba, alipokwenda kwenye mabomba yake na binti kwenye dawa zake, Sindano alifagia kwa mkono mmoja, akainjika maharage, akaketi. Sehemu ya kwanza ilikuwa kutoka kwenye chombo hadi kwenye mmea mkubwa wa chini uliokuwa ukitoa mapovu. Aligundua kwamba ukikaa juu ya mapovu yale, namba inapanda. Alikufa mara nyingi kabla hajajua kusimama pale bila kupeperushwa. Sehemu ya pili ilikuwa kutoka kwenye mmea hadi kwenye ubavu wa meli, ambako papa mmoja mwenye makengeza alizunguka bila kuchoka. Sindano akamsoma kama anavyosomwa mteja mwenye kichwa kigumu: unamwacha ageuke kwanza. Ndani ya meli, ukishapita tundu la ubavuni, chini ya dari ya chumba cha kwanza, palikuwa na hewa iliyonaswa, ya kutosha kutoa kichwa na kupumua. Hapo ndipo sehemu ya pili ilipoishia. Ya tatu ilikuwa mlango.

Mlango ndio uliomshinda. Ulikuwa na gurudumu, na gurudumu lilitaka kidole cha shahada kibonyeze na kisiachie hata kidogo mpaka lizunguke lote. Kidole kilibonyeza, kikatetemeka, kikaachia. Gurudumu likarudi mwanzo. Akabonyeza tena. Likarudi. Namba ikaingia kwenye wekundu, mpiga mbizi akaanza kutapatapa, na kioo kikawa cheusi.

"Mfa maji haachi kutapatapa," mumewe alimtania siku moja aliporudi kula, akiwa bado na kipande cha uzi wa kuzibia bomba nyuma ya sikio kama sigara. "Ila wewe mke wangu umezidi. Wewe unakufa, unaoga, unarudi kufa."

"Kula maharage yako."

Lakini aliona kwamba mumewe, kabla hajaondoka, aliisogeza stuli ndogo karibu na kochi na kuuweka mto juu yake, ili mkono wa kulia upate pa kuegemea. Mkono ulipotua juu ya mto ule, bega lililokuwa limebana tangu asubuhi likashuka.

Ijumaa alianza mapema. Mmea, mapovu, pumzi. Papa aligeuka, akapita. Ubavu, tundu, dari; akatoa kichwa na kungoja mpaka namba ijae. Akaukabili mlango.

Kidole kikabonyeza. Hakukitazama. Siku zote alikuwa amekitazama, akikihimiza, akikigombeza, na kidole, kama mtoto anayechunguliwa, kilikuwa kikiharibu. Safari hii alitazama gurudumu tu, na akakiwazia shungi la nywele: shungi la nywele laini za mtu mzima, zile zinazoteleza, ambazo ukizilegezea kidogo tu mstari wote unafumuka na inabidi uanze upya huku mteja akiguna. Hukazi kwa nguvu. Unashika tu. Unashika, na unaendelea kushika, na unazungumza mambo mengine.

"Kwa hiyo huyo binti anasuka vizuri," akasema kwa sauti, peke yake sebuleni. "Vizuri. Kila mtu na riziki yake. Lakini kiti kile kina mguu mmoja mfupi, je, anajua? Kinataka kujua namna ya kukikalia."

Gurudumu likafika nusu. Kidole kikaanza kutetemeka, na mtetemo ukapanda hadi kwenye kiwiko. Namba ikawa nyekundu. Mpiga mbizi akaanza kurusha miguu.

"Na yule mwalimu wa chekechea," akaendelea, "nusu ya kichwa alimalizia nani? Sijawahi hata kuuliza."

Mlango ukafunguka.

Hakushangilia. Hewa iliyobaki haikuwa ya kushangilia. Aliingia, akaona taa inawaka na kuzima, akaona mtungi, akaupeleka mkono. Kidole kikabonyeza, kikakosa. Kikabonyeza tena. Kioo kilikuwa kimeanza kuwa cheusi pembeni, weusi ukisogea katikati, na ndipo mtungi mwekundu ulipojibandika mgongoni, na namba ikaruka, ikapanda, ikapanda, ikafika mahali ambapo hajawahi kuiona.

Sindano akaiachia padi mapajani. Alikuwa akihema kama mtu aliyepanda ngazi. Baada ya muda akaichukua tena, na kwa mara ya kwanza tangu aingie katika bahari ile, hakukimbilia juu. Alizunguka chumba polepole. Kulikuwa na kitanda, na kikombe kinaelea. Kulikuwa na dirisha, na nje ya dirisha samaki wadogo wa manjano walikuwa wakipita kundi kwa kundi, samaki ambao wamekuwa wakipita siku zote na yeye hana nafasi ya kuwatazama.

Binti aliporudi, alionyeshwa namba. Alisimama na koti lake mkononi, akatazama kioo, akamtazama mama yake.

"Mimi mwenyewe sikuwahi kuupata mapema hivi," akasema.

"Wewe hukuwa na haja nao," mama yake akamjibu. "Nisaidie kuosha vitana vyangu. Kesho natoka."

Jumamosi saluni ilikuwa imejaa. Mashine za kukaushia zilikuwa zikivuma, na harufu ya mafuta ya nywele ilimpokea mlangoni kama ndugu. Binti aliyekuja kuomba kiti alikuwa amesimama karibu na sinki, mikono nyuma, macho chini. Msichana mwenye heshima, Sindano akaona, na vidole virefu. Akamsalimia vizuri. Kisha akapita katikati ya wateja, mguu ukiburuta, hadi kwenye kiti chake, akakifuta kwa kanga, akamgeukia wifi yake.

"Kaa."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Kichwa chako kimekuwa kama kiota. Kaa."

Soga zikakatika, wateja wakageuza shingo. Wifi akafungua kilemba, akaketi.

Sindano aligawa nywele kwa mkono wa kushoto. Njia ilitoka, si ya sindano, lakini ilitoka. Akashika mashungi matatu. Kidole cha shahada kikakunjika juu ya la kwanza, kikabaki hapo, vingine vikapita polepole, juu, chini, juu. Katika muda ambao zamani angemaliza upande mzima, alikuwa amefika nyuma ya sikio.

"Mstari umepinda?" wifi akauliza bila kugeuka.

"Umepinda. Nifumue?"

Kwenye kioo, Sindano alimwona akimtazama yule msichana wa karibu na sinki, kisha akiitazama mikono iliyokuwa juu ya kichwa chake.

"Endelea," akasema.

Akaendelea. Mteja mmoja akaanza kusimulia habari za jirani yake, mwingine akadakia, na kelele za saluni zikarudi mahali pake. Alipokuwa akianza mstari wa pili, aliona mabega ya wifi yake yameshuka. Alipofika katikati, macho yalikuwa yamefumba, mdomo umeachama kidogo, na kichwa chote kikamlalia, kizito na chenye joto, kwenye kiganja cha mkono wa kulia.