Lami kwenye Mkono wa Kushoto

Kumshukuru jirani Uula kulikuwa kujitafutia kazi. Raili alilijua hilo kuliko mtu yeyote upande ule wa Ziwa Inari. Alimpelekea pai ya samaki, sahani ikarudi na kilo mbili za nyama ya kulungu iliyokaushwa. Akampelekea soksi za sufu, akaletewa ngozi nzima. Kwao sahani ya jirani hairudishwi tupu, hilo sawa, lakini Uula alizidisha. Kila shukrani aliirudisha mlangoni ikiwa imenenepa, na ukimwambia asante kwa mdomo alitazama viatu vyake na kusema, "Ah, nilikuwa napita tu."

Alikuwa anapita tu! Machi ile, Eino, mume wa Raili, alipata mshtuko wa moyo kwenye kibanda cha uvuvi ng'ambo ya ziwa. Ukungu ulikuwa umetanda na helikopta haikuweza kuruka. Uula alimfunga Eino kwenye sleji, akamkokota kwa pikipiki yake ya theluji kilomita arobaini juu ya barafu mpaka barabarani, lilikokuwa likingoja gari la wagonjwa. Daktari alisema ingepita nusu saa nyingine, Raili angekuwa mjane. Sasa mtu wa namna hiyo unampa soksi?

Oktoba Uula alikwenda porini zaidi ya wiki kukusanya kulungu wake wa kufugwa. Pikipiki yake ilikuwa imehifadhiwa kwenye banda la Raili, kwa kuwa la kwake lilivuja. Raili akaitazama, akaona jinsi ile mikono minne ya chuma inayoshika skii za mbele ilivyoliwa na kutu, akapata wazo. Angeifungua, aisafishe, aipeleke kwa Tauno, mwenye karakana ya rangi, ikapakwe rangi ya unga. Rangi hiyo hupulizwa kavu juu ya chuma, kisha chuma kikaokwa tanurini mpaka unga uyeyuke na kukishika. Zawadi iliyokazwa kwa bolti, alijiambia, hairudishwi kwenye sahani.

Tauno alimpa masharti kwenye simu.

"Nawasha tanuri Ijumaa na Jumamosi, halafu nafunga naenda zangu kuwinda. Niletee chuma kitupu. Sitaki mpira, sitaki beringi, sitaki tone la grisi. Na shokomzoba ziache hukohuko. Zina gesi ndani, zikiingia tanurini mwangu mtaniokota kwa koleo."

Eino alikuwa fundi wa mabasi miaka arobaini. Siku hizi alikatazwa kunyanyua chochote kizito kuliko birika, kwa hiyo alifanya kazi kwa mdomo, amekaa kwenye kigoda.

"Hiyo bushi usiipige nyundo, mama. Ibane, uisukume taratibu."

"Si nilikubali kuolewa nawe kwa ajili ya mikono? Ingekuwa mdomo ningeolewa na redio."

"Redio isingekwambia kuwa bolti hiyo unaikaza badala ya kuifungua."

Siku tatu alihangaika. Alitoa bushi na beringi akazipanga kwenye makopo ya kahawa, akalainisha rangi kuukuu kwa dawa, akasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikatoa weupe wake. Matundu ya bolti akayaziba unga usije ukajaa ndani. Ikabaki kuosha kwa mara ya mwisho. Na kwao kitu kinachotakiwa kiwe safi kweli kweli kinapelekwa sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke. Raili aliiwasha sauna Alhamisi, siku isiyo ya kuoga, akaiingiza mikono ile minne kama wageni, akaisugua kwa sabuni ya lami ya msonobari aliyoogeshwa nayo tangu utotoni, akaitundika juu ya jiko la mawe ikauke. Eino alichungulia mlangoni na kuona kazi imefanyika vizuri.

Ijumaa asubuhi, Raili na Eino wakiwa karakanani kwake, Tauno aliitundika mikono tanurini ipate joto kwanza, kama afanyavyo kila mara, ili mafuta yaliyojificha yatoke jasho kabla ya unga. Baada ya muda alifungua mlango, akanusa.

"Raili, umeniletea vyuma au mtoto wa kubatizwa?"

"Vimefanyaje?"

"Vinanukia sauna. Umeviosha kwa nini?"

"Kwa sabuni."

"Sabuni gani, dada yangu?"

Raili alimgeukia Eino. Eino akatazama dari. "Ile ya lami," alisema. "Sote tunaogea hiyo."

Tauno alicheka mpaka akashika meza. Alipopata pumzi akawaeleza: lami ina mafuta, na juu ya mafuta unga haushiki, unatoka matundu matundu kama chapati ya maji. "Rudia yote. Tina ya kuondoa mafuta, msasa, tena tina, na uvae glavu safi, usiguse kwa vidole. Una mpaka kesho saa nne."

Raili aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Alitamani kufunga virago arudi nyumbani akaoke pai. Lakini alimkumbuka Eino kwenye ile sleji, uso wa kijivu, akavaa glavu.

Alasiri alifika kwenye mkono wa kushoto wa chini. Kando ya maungio palikuwa na mstari wa kahawia, mwembamba kama unywele. Aliufuta kwa tina, ukatoka. Alipoukausha mkono kwa hewa ya moto, mstari ukarejea palepale. Akafuta, akakausha. Ukarejea.

"Tauno, huu uchafu wako hautoki."

"Uchafu wangu? Lami ni ya nani?" Tauno alikuja na miwani yake. Alifuta mwenyewe, akapuliza hewa ya moto, akasubiri. Mzaha ukamtoka usoni. "Hii inatoka ndani. Chuma kimepasuka."

Eino aliinuka kwenye kigoda bila ruhusa ya mtu.

"Ni siku ile," alisema. "Tuligonga tuta la barafu. Sikuweza kusema, lakini kishindo nilikisikia. Uula hakupunguza hata mwendo."

Tauno aliupindua mkono mwangani. "Joto la sauna limeiingiza lami kwenye ufa, na joto langu linaifukuza. Ungeniletea kitu safi, Raili, ningepaka rangi juu yake tukakifurahia. Theluji ya kwanza, mkono ungemkatikia Uula katikati ya ziwa, peke yake, mbio."

Raili alikaa juu ya ndoo ya rangi. Shukrani zilimjaa kifuani na hakujua azielekeze wapi, kwa pua ya Tauno, au kwa sabuni ya mama yake, au kwa ujinga wake mwenyewe, akazitoa zote kwa pamoja, kimoyomoyo. Nyuma ya karakana palikuwa na pikipiki mbovu ya aina ileile. Waliufungua mkono wake, wakaukagua kwa tochi mpaka wakaridhika, na Raili akaanza upya kusugua. Jumamosi minne yote ilitoka tanurini myeusi, inang'aa, na Jumapili Raili akaikaza mahali pake.

Uula alirudi Jumatano. Walimkaribisha kahawa, na juu ya meza, pembeni ya pai, palikuwa na ule mkono uliopasuka. Aliuchukua, akapitisha ukucha kwenye ufa. Raili akamweleza yote, pamoja na sabuni. Uula hakucheka.

"Huu ni wa Machi," alisema.

"Wa Machi," Eino akaitikia.

"Niliogopa siku ile. Kila nikisimama kusikiliza kama unapumua, nilizidi kuogopa. Ndiyo maana nikaacha kusimama."

Hawakuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja.

"Asante, Uula," Raili alisema.

Uula alitazama viatu vyake. Wakangoja ile kauli yake. Haikuja.

"Haya," alisema mwishowe. "Nami asante."

Aliondoka na pai iliyobaki, ikiwa kwenye sahani ya Raili. Asubuhi Raili aliikuta sahani kizingitini, imefunikwa kitambaa. Alikifunua kwa wasiwasi, akatazama, akaibeba ndani kwa mikono miwili.

"Ameleta nini safari hii?" Eino aliuliza.

"Hakuna kitu. Ni tupu."

"Tupu kabisa?"

"Ameiosha tu. Safari hii amepokea."

Raili alikaa mezani na sahani mapajani, machozi yakimtiririka, na Eino akainuka kuweka birika jikoni.