Kikombe cha Kwanza cha Most

Kwa mama mkwe wangu Hermine, aliyezaliwa upande wa Austria, most ni maji ya matufaha yaliyotoka kukamuliwa. Kwa mume wangu Lojze, aliyelelewa na baba yake kwa Kislovenia, neno hilohilo ni daraja. Kwetu Hungaria, ng'ambo ya kilima tu, maana yake ni "sasa hivi". Lojze alikuwa akisimama mezani na kutangaza, "Most!" kisha anauliza nani amimine, nani avuke, nani afanye haraka. Tulicheka sana. Mama mkwe hakucheka. Kwake most ilikuwa moja tu, yake.

Lojze alifariki Aprili. Matufaha yalipoiva tulikamua bila yeye. Katika nyumba ile mama mwenye nyumba akishachoka, kikombe cha kwanza humpa mwanamke atakayeshika funguo baada yake. Mimi mjane, mtoto sina. Bila kupewa kikombe kile, nisingekuwa na pa kuishi.

Wifi yangu Traudl alikuja kutoka Graz na viatu vyeupe. Hakugusa hata tufaha moja. Kutwa nzima nilizungusha kinu mimi, mikono inanata, nyigu wananiandama, yeye amekaa kivulini anasifia hewa ya shamba.

Jioni mama mkwe alikinga kikombe, akaja moja kwa moja hadi kwangu, majirani wakitazama.

"Haya, Piroska. Chukua."

Furaha ilinijaa hadi machozi. Lakini kwetu cha heshima hakipokelewi mara ya kwanza. Ukikidaka tu, unaitwa mlafi. Unakataa, unabembelezwa, ndipo unapokea.

"Hapana, mama. Kunywa wewe kwanza."

Hakubembeleza. Aligeuka akampa Traudl.

"Mama, ngoja! Nilikataa kwa adabu tu!"

"Adabu gani ya kurudisha mkono wa mkubwa wako? Nimekupa mbele za watu, umekataa mbele za watu."

"Miaka yote niko hapa, mama, hujui sisi tulivyo?"

"Na wewe miaka yote uko hapa, hujui mimi nilivyo?"

Nilimchukia kwa swali lile, na bado namchukia.

Traudl alikunywa yote, akafuta mdomo. "Tamu kweli," akasema. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, iwapo nguo za Lojze ningezichukua pamoja na zangu.