Msumeno kwa Mikono Mingine

Buti lilikuwa limesukumwa nyuma ya pipa la maji, mahali ambapo buti halifiki lenyewe. Nesi alilivuta akaligeuza. Lilikuwa la mpira, la mguu wa kushoto, na kwa mbele, pale panapokaa kidole gumba, palikuwa na mpasuko mrefu ulionyooka. Alipenyeza kidole chake mle, kikatokea upande wa pili. Damu haikuwepo. Shoka lilikuwa limepita kati ya kidole na kidole, kwa bahati tu.

Baba yake alikuwa amefanya useremala miaka arobaini, na mtaa mzima ulimwita Mzee Milimita. Ukimwambia mlango umekaa vizuri, alitoa futi mfukoni na kukuonyesha kwa nini haujakaa vizuri. Aliwahi kurudia kabati la watu mara mbili kwa kosa ambalo wenyewe hawakuliona hata baada ya kuonyeshwa. Mtu wa namna hiyo hajikati buti.

Wiki tatu nyuma upepo ulikuwa umeung'oa mti mkubwa wa uani. Ulianguka ukalalia ukuta wa banda la kuku, mizizi nje, shina limejikunja katikati. Mzee Milimita alisema hautaoza bure, watapata kuni za kupikia za mwaka mzima. Kila asubuhi alitoka na shoka. Kila siku sauti ya shoka ilidumu muda mfupi kuliko jana yake, na vipande alivyoviacha vilikuwa na makovu mengi, kama vimekatwa na watu wanne wanaogombana.

Nesi alikuwa ameona na mengine. Kikombe cha chai kilichojazwa nusu tu. Vifungo vya shati ambavyo mama alimfungia mzee huku akijifanya anamtania. Na mkono wa kulia, ukiwa umepumzika juu ya paja, kidole gumba na cha shahada vikisuguana polepole, kama vinaviringisha kipande cha nta. Wodini aliwahi kuwahudumia wazee wenye vidole vya namna hiyo. Jina la ugonjwa ule alilijua. Nyumbani hakuwahi kulitamka.

Alimfuata mama yake jikoni, buti mkononi.

"Mama, hili umeliona?"

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Nimeliona."

"Na umenyamaza?"

"Mwaka huu baba yako ameacha baiskeli. Ameacha karakana. Nikimnyang'anya na shoka atabaki na nini? Mwambie wewe uliyesomea."

Nesi alikwenda hadi mlangoni, akamwona mzee amekaa juu ya shina, mgongo wake kwake, shoka limelala chini. Akarudi ndani. Alijiambia atasema baada ya chakula.

Lakini wakati wa chakula aliyeanza kusema ni mzee. "Shoka limenichosha. Kesho una zamu?"

"Sina, baba."

"Basi utanipeleka dukani. Nataka msumeno wa mashine."

Kijiko cha mama kilisimama hewani. Yeye na binti yake walitazamana, na kila mmoja alimsubiri mwenzake. Mzee aliendelea kula, bakuli amelivuta karibu kabisa na kidevu.

Duka lilikuwa la zana za shamba, refu na jembamba, linanuka mafuta na mpira mpya. Misumeno ilikuwa imepangwa ukutani kutoka mdogo hadi mkubwa, meno yote yameelekea upande mmoja. Muuzaji, mwanamume mnene aliyevaa ovaroli, aliwakaribisha kama watu aliokuwa anawangoja.

"Shikamoo, mzee. Umefika penyewe. Msumeno wa kazi gani?"

"Marahaba. Kuni za nyumbani."

Muuzaji aliinamisha kichwa. "Samahani?"

"Kuni," mzee alirudia. Sauti yake ilikuwa imepungua siku hizi. Nyumbani walikuwa wameizoea, lakini pale dukani Nesi aliisikia jinsi ilivyo.

Muuzaji aliteremsha mkubwa kuliko wote. "Huu hauna mchezo. Unaangusha msitu. Mwanamume akiushika, majirani wanajua."

"Na nikishamaliza msitu?" aliuliza mzee. "Mti wangu ni mmoja, na umeshaanguka."

Muuzaji alicheka, akashusha wa kati. Mzee alianza kuuliza, na Nesi akamtambua baba yake wa zamani. Una uzito gani ukiwa na mafuta? Bapa hili linalobeba mnyororo lina urefu gani, na unene wa gogo usiozidi upi? Mnyororo ukilegea unakazwa wapi? Breki iko wapi, na inashika vipi? Muuzaji alionyesha kikingio kilicho mbele ya mshikio. Ncha ya juu ya bapa ikigusa kitu, alisema, msumeno unaruka nyuma kumfuata mwenyewe usoni, kufumba na kufumbua. Mkono unasukuma kikingio, mnyororo unasimama.

"Unasimama siku zote?"

"Ukiutunza."

"Hujanijibu."

"Mara nyingi, mzee," alisema muuzaji, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu.

Mzee Milimita alinyoosha mikono. Nesi alisogea karibu naye. Muuzaji aliuachia msumeno.

Kwanza ulitulia. Kisha ncha ya bapa ikaanza kutikisika, kidogo, halafu zaidi, na meno yakatoa mlio mwembamba yakigusana na chuma. Ulikuwa mlio wa haraka usiokatika. Mteja mmoja aliyekuwa anachagua misumari aligeuka.

"Mzee, mbona hatujauwasha bado," alitania muuzaji.

Nesi aliona shingo ya baba yake imekakamaa, macho yamekodolea ncha ile, kama mtu anayemtazama mnyama aliyeingia ndani. Aliushikilia msumeno muda mrefu kupita kiasi. Kisha akauweka juu ya kaunta, taratibu, na kufuta viganja kwenye suruali.

"Mpe huyu," alisema.

"Nani?"

"Binti yangu. Mshikishe."

"Baba, mimi sitaki msumeno."

"Hata mimi sikutaka haya. Shika."

Aliushika. Mzee alizunguka nyuma yake, akamsogeza kiwiko, akamrudisha mguu wa kulia nyuma, akakikunja kidole gumba chake kizunguke mshikio wote. Vidole vya mzee vilikuwa baridi na vilitetemeka juu ya ngozi ya binti yake. Alitoa futi, akapima kutoka bega hadi kifundo cha mkono. Akatikisa kichwa. "Mzito kwake. Akichoka utashuka kwenye goti. Lete ule mdogo, wa tatu kutoka mwanzo."

Wa tatu ulimkaa mkononi. Mzee aliijaribu breki yake mara kumi na mbili, akisikiliza kila mara, sikio karibu. Ndipo akadai kofia yenye wavu na kinga ya masikio, glovu, na suruali nene ya kukinga miguu. Muuzaji alisema watu wengi hawachukui suruali.

"Huyu atachukua," alisema mzee.

Njiani kurudi, taa za barabarani zilisimamisha gari lao.

"Umejua tangu lini?" aliuliza Nesi.

"Tangu nilipotundika mlango wa shule nikauacha umeinama. Nikasema ni macho. Wewe je?"

"Tangu msimu wa mvua."

Mzee alitazama nje. "Kwa hiyo tumeishi nyumba moja tunafichana, kama wezi wawili walioingia kwa madirisha tofauti."

Nesi alisema kuna dawa, kuna madaktari, si kama zamani. Mzee alimwacha aseme. Nesi alipomaliza, mzee alisema, "Kwanza tumalize ule mti. Ukuta wa banda umeanza kufanya ufa."

Walianza Jumamosi asubuhi. Nesi alishika msumeno, mzee akasimama hatua nne nyuma yake, mama mlangoni amejifunga kanga kifuani kwa mikono miwili. Matawi membamba yalikwenda vizuri. Nesi alizoea mtetemo wa injini viganjani, akaanza hata kuufurahia. Kisha akafika pale shina lilipojikunja.

Aliona lipo kimya. Hakujua kwamba limebanwa kama upinde. Bapa lilipozama nusu, mbao ilitoa mlio wa ndani, ikafunguka, shina likapanda kwa ghafla. Ncha ya msumeno ilikutana na kisiki cha tawi ambacho hakukiona. Kitu kilimrukia. Alisikia mlipuko mmoja mfupi wa chuma, kisha injini ikinguruma bure. Mnyororo ulikuwa umesimama mbele ya wavu wa kofia yake, karibu kiasi kwamba aliyahesabu meno matatu.

Alizima. Kuku walikuwa wamejikusanya kwenye pembe moja ya banda, wote kimya.

Aligeuka. Baba yake alikuwa palepale hatua nne nyuma, mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama, mkono umenyooshwa. Alikuwa anaita bado. Nesi alivua kinga ya masikio, na hata hivyo kilichomfikia kilikuwa pumzi tu, na ndani ya pumzi ile, kwa mbali, jina alilomwita utotoni.

"Nilikuita," alisema mzee alipomfikia. "Nilikuita kabla hujaanza kukata. Nikakuita tena."

"Sikusikia, baba."

"Najua hukusikia." Alijigusa koo, kama mtu anayepapasa mfuko na kukuta mtupu. "Mimi nilijisikia napiga kelele."

Mama alifika akamshika mumewe, si binti yake. Siku ile hawakukata tena. Walimlipa fundi wa misitu akaja Jumatatu na kamba, akaulegeza mti kwa dakika ishirini, akaondoka. Vipande vilivyobaki Nesi alivikata mwenyewe jioni baada ya jioni, na mzee alipata fimbo ndefu ya kumgusa begani kila alipotaka asimame. Aliigusisha mara nyingi, wakati mwingine pasipo sababu. Nesi alisimama kila mara.

Wiki iliyofuata walikwenda hospitali. Daktari alikuwa mwanamke mtaratibu mwenye miwani. Alimwomba mzee atembee hadi dirishani na kurudi, agonganishe vidole, ataje miezi kinyumenyume. Kisha akamwekea karatasi nyeupe na kalamu.

"Nichoree mzunguko unaoanzia katikati, uzidi kupanuka, kama gamba la konokono. Usiharakishe."

Mzee Milimita aliinyoosha karatasi ikae sawa na ukingo wa meza. Akaanza. Nesi alikuwa amekaa pembeni na alijiapiza hatatazama, akatazama. Mstari ulitoka katikati ukiwa na meno madogo madogo, ukazunguka mara moja, mara mbili. Badala ya kupanuka ulikuwa unajikaza, kila duara limebanana na lililopita, hadi kalamu ikasimama.

Mzee aliinua uso. "Nimemaliza."

Daktari aliichukua karatasi, akaitazama, akaandika tarehe pembeni. Akatoa nyingine.

"Sasa mkono wa pili," alisema.