Bega la Mkwe

Mikono ya Mbeyu wa Tiwi ilikuwa haibagui. Ilimkanda mzazi wa juzi na bibi kizee mwenye kiuno kibovu, ikamchua mvuvi aliyeteguka mguu na mpagazi aliyekakamaa shingo, na hata yule karani wa dukani aliyekuwa akipiga kelele kabla hajaguswa. Mtu akiletwa kwake amebebwa, watu walikuwa hawaulizi kama atatembea, waliuliza atatembea lini. Lakini kulikuwa na mwili mmoja ambao mikono hiyo haikuugusa, nao ulikuwa ukilala ua huohuo mmoja na yeye. Ulikuwa mwili wa Chirau, mume wa Mwanaima, binti yake wa pekee. Chirau ni mkwe, na mkwe ana haya yake.

Haya hiyo si ya mchezo, msidhani. Mama akimwona mkwewe anakuja njiani, huingia kichakani. Hamtazami usoni, hali naye, hata jina lake halitaji. Akiwa na neno la kumwambia, hukaa upande wa pili wa kiambaza akalisema, na udongo ukamfikishia. Mbeyu hakuyatunga yeye mambo hayo, aliyakuta. Ila aliyashika kuliko wanawake wote wa Tiwi, na watu wakamsifu kwa heshima zake. Ndio watu hao, hawana kazi.

Mwaka ule watoto wa skuli walipogawiwa vikombe vyenye picha ya Malkia, Chirau alianguka mnazini. Alikuwa mkwezi, tena hodari, nusu ya minazi ya Tiwi ilikuwa ikimngoja yeye aiangue. Siku hiyo akashika kuti bovu, kuti likang'oka, akashukia bega la kulia. Wenziwe wakamleta nyumbani mkono unaning'inia, bega limetoka mahali pake, jasho linamchuruzika. Kumtafuta mkandaji hakukuwa na haja. Alikuwa palepale uani, anapepeta mchele.

Mbeyu akaweka ungo chini. Miguu yake ilimpeleka mbio hadi mlangoni, kisha ikasimama. Akarudi nyuma ya kiambaza, akajifunika gubigubi, akaita, "Mwanaima! Mimi siwezi kuingia. Leo mikono yangu ni wewe. Sikiliza nitakavyokwambia."

"Mama, mimi sijui! Ingia mwenyewe, mama, nakuomba!"

"Huna haya wewe? Fanya ninalokwambia!"

Mwanaima akafanya huku analia. Akaambiwa amlaze mumewe chali, aweke kisigino kwapani mwake, ashike mkono kwa mikono yote miwili na kuvuta polepole bila kuachia, kisha auzungushe kuja ndani. Akavuta, akazungusha. Chirau akapiga ukelele mmoja, kuku wakatawanyika uani.

Sasa, bega likirudi vyema, hulia mara moja, ko, na mgonjwa hushusha pumzi. Hili halikulia hivyo. Lilikwaruza, na Chirau akaendelea kuguna. Mbeyu alijua palepale. Alijua mfupa umekaa ukingoni, haujaingia nyumbani, na kwamba unataka mkono wa mjuzi, upesi, kabla nyama hazijavimba.

"Limerudi, mama?" Mwanaima akauliza.

"Limerudi," Mbeyu akasema. "Mshukuru Mungu, mwanangu. Mfunge kitambaa apumzike."

Uongo wenyewe ulikuwa neno hilo moja tu. Lakini ungekuwa mzigo, punda angelala nao njiani.

Zilipofika siku za kuchua, Mwanaima akachua, mafuta ya nazi yaliyotiwa moto kidogo, asubuhi na jioni. Lakini Chirau akikunja uso tu, yeye huachia. Mbeyu anapiga kelele nyuma ya kiambaza, "Kaza! Mchelea mwana kulia hulia yeye!" Wapi! Kumkazia mume unayempenda si kazi ndogo. Bega likaganda. Mkono ukawa unainuka hadi kifuani, hapo basi. Na mkwezi asiyeweza kuinua mkono juu ya kichwa, kazi yake ni kuwatazama wenziwe wakipanda. Mwanaima alikuwa na mimba ya kwanza, na ndiye aliyekuwa akienda kukata kuni, akauza, wakala.

Chirau hakukaa bure. Alikwenda Ramisi kuomba kukata miwa. Nyapara akampa panga, akamwambia, hebu inua. Akainua hadi kifuani. Wala yule nyapara hakumtukana. Alimpa maji ya kunywa, akamwambia arudi kwao akapone kwanza. Akarudi, akasimama upande wake wa kiambaza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimerudi, mama. Kazi imenishinda. Uniwie radhi."

Uniwie radhi! Chirau ndiye anayeomba radhi! Mbeyu aliona heri angemtukana. Heri angesema, mama gani wewe, unawaponya watu baki na mimi unaniacha kilema. Lakini kijana hakuwa na neno ila shikamoo yake, kila asubuhi, kwa adabu ileile, na kila asubuhi Mbeyu akaitikia marahaba na kujiona mchafu. Alikuwa akiinua mikono kuomba dua, akiitazama, dua inampotea.

Aliyemtumbua jipu lake ni Shutu. Huyu Shutu alikuwa shoga yake tangu utotoni, mdomo wake hauna kitasa, na siku hiyo alikuwa amelala kifudifudi kwenye jamvi anakandwa kiuno.

"Mbeyu," akasema, "zile leso alizokuletea mkweo sikukuu ya Idi ile ya kwanza ziko wapi?"

"Zimo sandukuni."

"Zinaatamia mayai?"

Mbeyu akazidi kukanda. Maana mila haikumfunga mtu bila kumwachia mlango. Mkwe humletea mama wa mkewe leso, na siku mama atakapozivaa mbele yake, haya imeondoka. Heshima inabaki, lakini watakula pamoja, watasemezana, na akiugua atamshika. Wanawake wengine huzivaa siku ileile zinapofika.

"Hata kwa dini mkwe ni mwanao," Shutu akaendelea. "Hawezi kukuoa hata dunia iishe. Sasa unamficha nini? Sote tunajua kwamba ulitaka mwenye duka la nguo ndiye amwoe Mwanaima. Mwanaima hakumtaka. Ndio basi! Utamwadhibu mkwezi wa watu mpaka... Wee! Wee Mbeyu! Kiuno changu si kinu!"

Mbeyu alikuwa amekandamiza kwa nguvu zake zote. Akamwomba radhi, akamaliza kazi, na Shutu alipokwenda zake akaketi palepale jamvini akalia.

Kwa sababu ni kweli. Kuzivaa leso zile kulikuwa ni kutangaza, huyu ni mwanangu, nimemkubali, na yeye hakutaka kutangaza. Siku Chirau alipoanguka, sanduku lilikuwa chumbani na ufunguo umefungwa kiunoni mwake. Angalifungua, angalijitanda leso, angaliingia, na bega lingalirudi kabla ya mchele kuchaguliwa. Na kulikuwa na jingine, baya zaidi, ambalo hata Shutu hakulijua. Alipokaa nyuma ya kiambaza akisikia kijana anavyoguna, kitu ndani yake kilisema, na aumie kidogo. Hakikusema awe kilema, la, astaghafirullahi. Kidogo tu. Kwani nani hupimiwa maumivu kwa kibaba? Na sasa hata kwa kulia hakuwa na mtu wa kumlilia. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Asubuhi yake Mbeyu alijitanda zile leso, bado zina mikunjo ya sandukuni, akapita mlangoni mwa Mwanaima. Chirau alipomwona aliruka akageukia ukutani, akatafuta pa kujificha.

"Kaa, mwanangu," Mbeyu akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Vua shati."

Mwanaima alipiga kigelegele kule jikoni mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Vidole viliposhika bega lile, vikamweleza kila kitu. Mfupa ulikuwa palepale alipousikia ukikwama, na nyama zimejikunja juu yake, ngumu kama ngozi ya ngoma. Mbeyu akafanya kazi kila siku, akilainisha kwa kitambaa cha moto kwanza, kisha mafuta, kisha anapenyeza gumba chini ya ukingo wa bega na kuuongoza mkono juu, akiuzungusha kidogo kidogo. Yeye hakuachia Chirau alipokunja uso. Mkono ukatoka kifuani ukafika kidevuni. Ukafika sikioni. Mwanaima akaanza kusema habari za minazi na za mtoto atakayekuja akute baba yake yuko kazini.

Ukafika sikioni ukakataa kwenda mbele. Wiki baada ya wiki, hapohapo. Mbeyu alijaribu kila alichofundishwa na mama yake, na mengine akayabuni mwenyewe, mpaka vidole vyake vikavimba. Mfupa ulikuwa umekwisha kujenga kwingine.

"Mama," Chirau akasema siku moja, amekaa kwenye kigoda, Mbeyu yuko nyuma yake. "Niambie kweli. Nitakwea?"

"Hutakwea, mwanangu. Utalima. Mtoto wako utambeba. Lakini mnazi, la. Bega hili lilichelewa kushikwa."

Chirau akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemeza kitu kichungu mbele ya wageni.

"Basi si neno. Unajua, mama, wenzangu hunisumbua sana. Huniuliza, yule mkandaji ni mama yako, mbona siku ile hakukushika mwenyewe? Mimi huwaambia, nyinyi hamjui kuheshimiwa. Nyinyi wakwe zenu huwafanya watoto. Mimi mama yangu ananiheshimu hata mfupa ukiwa nje." Akainamisha kichwa, akaona haya kwa anayoyasema. "Nilikuwa ndani mle nina maumivu, nikisikia sauti yako nyuma ya kiambaza, na wallahi, mama, nilijivuna. Nikasema, kumbe mkwezi mimi ni mtu mkubwa hivi!"

Mikono ya Mbeyu ikasimama. Akafungua kinywa. Alitaka kusema, si hivyo, mwanangu, si hivyo hata kidogo. Akamtazama kisogo kile kilichojaa fahari, akaona kwamba akimwambia, atamnyang'anya na hicho kimoja kilichombakia. Na asipomwambia, yeye Mbeyu atakula sifa hiyo isiyo yake kila siku ya maisha yake.

"Mbona umeacha, mama?" Chirau akasema. "Haliumi. Kaza tu."

Akakaza. Machozi yakawa yanamdondoka juu ya bega lenye mafuta, na Chirau, asiyegeuka nyuma kwa heshima, akadhani ni jasho la mama yake, akamwambia pole kwa kazi.