Lalamiko la Tano

Saa tatu asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya Februari, lifti ya Corlena Court, jengo la ghorofa tisa mtaa wa Berea, Johannesburg, ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Ndani hakukuwa na mtu. Msimamizi alibandika karatasi mlangoni akiomba radhi. Mwezi wa Aprili karatasi ilikuwa bado ipo, imegeuka rangi ya chai.

Évariste aliishi ghorofa ya saba na mkewe Angélique, msusi. Alikuwa mlinzi wa duka mpaka gari lilipomgonga kwenye robot, taa za barabarani, na tangu hapo miguu yake haikufanya kazi. Lifti ilipokuwa nzima alishuka kila asubuhi na kiti chake cha magurudumu, akakaa kando ya spaza, kiduka cha mtaani, akauza muda wa maongezi na kubishana juu ya mpira na kila aliyepita. Sasa alikuwa hajashuka tangu Februari. Alitaka kitu kimoja tu: kushuka bila kubebwa na mtu.

Jirani wa ghorofa ya sita, Naseeb, alikuwa karani wa mahakama Tanga kabla ya kuhamia Johannesburg. Ndiye aliyesema kwamba kumwandikia mwenye jengo ni kupoteza karatasi, na kwamba bunge la mkoa lina kamati inayopokea maombi ya wakazi. Alijitolea kuandika.

Mfano wa kufuata aliupata maktaba, katika kitabu cha nyaraka za zamani. Lilikuwa ombi la wafanyabiashara wa Kiasia kwa Bunge la koloni la Transvaal, wakilalamikia leseni, mahali pa kuishi na njia walizokatazwa kupita. Lilianza kwa unyenyekevu na kuishia kwa ahadi ya kuwaombea dua wabunge. Katikati, kila dhuluma ilipewa namba yake. Chini ya ukurasa mhariri alieleza kilichofuata: ombi lilipokelewa, likawekwa mezani. Naseeb aliacha unyenyekevu na dua. Namba alizichukua.

Ombi lake alilisoma kwa sauti chumbani kwa Évariste, kwa kuwa Évariste hakuweza kwenda kwa mwingine. Wapangaji walijaa mpaka koridoni. Lifti ilikuwa lalamiko la kwanza. Yakafuata maji, nyaya za umeme, taka, na la tano: ngazi za kuokolea watu wakati wa moto zimezibwa kwa vyumba ambavyo mwenye jengo amevipangisha.

"Maître," Évariste alisema. Ndivyo alivyomwita Naseeb, kama anavyoitwa wakili kwao Bukavu, Kongo. "Mimi niliomba lifti. Hapa umeweka nyumba muzima."

"Papa Évariste, ukipeleka lalamiko moja watasema ni jambo dogo. Wale wa zamani walitaja yote ili angalau moja lijibiwe."

"Na walijibiwa?"

"Hapana."

"Eish!" Angélique alisema. "Kumbe unaiga batu balishindwa?"

Watu walicheka.

Vuai, kijana wa Unguja aliyefanya kazi ya kuosha magari, aliinua mkono. "Hilo la tano ni mimi. Kitanda changu kiko kwenye hizo ngazi. Unanishitaki, mzee wangu?"

"Sijaandika jina la mtu. Nimeandika kwamba ngazi zimezibwa. Uongo?"

"Kweli."

"Basi."

Vuai alitia sahihi. Évariste alitia ya mwisho.

Mwezi wa Juni kamati iliwaita. Barua ilisema mwombaji wa kwanza afike mwenyewe. Naseeb alikuwa ameliweka jina la Évariste juu kabisa.

Wapangaji wanaume waliotoka Tanga na Unguja waliamua namna ya kumshusha. Walifunga kiti cha plastiki kwenye miti miwili na kukiweka mabegani, kisha wakapokezana kama wanavyobeba jeneza kwao: wa mbele anachukua hatua chache, anampisha wa nyuma yake, anazunguka kwenda nyuma. Hakuna aliyeelekezwa. Kila mmoja alishazika watu wa kutosha.

"Munanizika mbele nife?" Évariste aliuliza kwenye kona ya ghorofa ya tano.

"Ungekuwa maiti ungenyamaza," Vuai alijibu, mti ukiwa begani. "Na ungekuwa mwepesi."

"Minakula fufu ya bibi yangu Angélique. Beba."

Mbele ya kamati, mwenyekiti alimuuliza Évariste anataka nini. Alisema anataka lifti. Mwenyekiti alimshukuru, akafungua ukurasa wa pili na kuuliza ni watu wangapi wanalala kwenye ngazi za moto. Naseeb alijibu kwa usahihi. Aliulizwa kama kuna njia nyingine ya kutokea. Alisema hakuna. Maswali yote yaliyobaki yalihusu lalamiko la tano.

Wiki iliyofuata wakaguzi wa zimamoto walikuja. Waliipita lifti, wakapanda kwa miguu, wakapiga picha kitanda cha Vuai. Mwezi wa Julai mahakama iliamuru jengo lihamwe kabla Agosti haijaisha, kwa kuwa ni hatari kwa maisha. Mwenye jengo hakuhudhuria.

Naseeb alipanda ghorofa ya saba na nakala ya amri mkononi.

"Wamejibu," alisema.

Évariste aliisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo. "Lifti haimo."

"Haimo."

Angélique alikuwa akikunja mashuka. Hakuacha.

Siku ya kuhama, wabebaji walikuwa wachache, kwa kuwa wengine walishaondoka. Vuai alikuwepo. Walimshusha kwa njia ileile, wakipishana mpaka barabarani. Évariste na Angélique walipata chumba mtaa wa La Rochelle, jijini humohumo, juu ya duka la matairi. Kilikuwa na ngazi za nje, za chuma. Vuai alilala msikitini siku chache, kisha simu yake ikawa haipatikani.

Mwezi wa Septemba Angélique alirudi Berea kuchukua mashine ya kukaushia nywele aliyokuwa ameisahau. Mlinzi alimruhusu kuingia. Mafundi walikuwa wanaziba madirisha kwa matofali, kuanzia juu, na ili kuyapandisha walikuwa wameitengeneza lifti. Mlango ulifunguka. Alisimama kati ya matofali mpaka ghorofa ya saba, akachukua mashine, akashuka kwa lifti hiyohiyo.

Jioni Évariste alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Aliitazama mashine.

"Ulipanda zile ngazi zote?"

"Nilipanda," Angélique alisema.